Mabwawa Madogo ya Kamukuywa na Wakaao Chini Yake

Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale huacha nyuma yake maporomoko ya mto Nzoia na kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na askari wa Waingereza. Hupita Lugulu na Misikhu, na baadaye kidogo hufika Kamukuywa. Mahali hapa si mji mkubwa. Kuna soko, maduka yaliyopangwa kando ya njia kuu, vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na malori ya miwa na ya mahindi yapitayo mchana na usiku. Upande mmoja nchi hupanda kuelekea Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Na barabara iachayo njia kuu hapo Kamukuywa hupanda kwenda Kaptama na Kapsokwony. Upande wa pili nchi huinama na kuinuka kwa upole, shamba la mahindi likifuata shamba la mahindi hata macho yachoke, mpaka Kiminini na Kitale.

Mtu mwenye haraka atasema ya kuwa hapana la kutazama katika nchi hiyo. Lakini akishuka garini na kuiacha lami, ataona kwamba kati ya mgongo mmoja wa nchi na mwingine mna bonde, na katika bonde mna kijito, na katika vijito vingine mna bwawa. Si bwawa la kutangazwa magazetini. Ni ukuta wa udongo uliootwa na nyasi, kimo chake mita tatu au nne, na nyuma yake maji yaliyotulia. Ng'ombe hunywa hapo, wanawake huteka maji ya kufulia, na watoto huvua samaki kwa ndoana za kujitengenezea. Juu ya ukuta pana njia ya miguu, maana ukuta ndio daraja la jirani. Kwa macho ya mpita njia hapana kitu cha amani kuliko hicho.

Mabwawa haya yana historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa askari wa zamani, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mlowezi mwenye eka elfu moja na zaidi alikuwa na mifugo mingi, na wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hata Machi, vijito hupungua. Basi alichagua mahali ambapo bonde linabana, akakusanya vibarua na maksai, akaziba. Chini ya ukuta hapakuwa na kitu ila malisho yake mwenyewe. Kama ukuta ungebomoka usiku, angepoteza maji yake, labda na ndama wawili watatu na kipande cha ua, na kiangazi kifuatacho angejenga tena. Vibanda vya vibarua vilikuwa wapi, hilo halikuwa swali lililoulizwa sana siku zile.

Mwaka 1962 ulianza mpango wa kununua eka milioni moja za walowezi kwa ajili ya kuwapa Waafrika mahali pa kukaa. Nchi ya Ndalu, Naitiri na Tongaren, iliyo ng'ambo ya Kamukuywa, ilikatwa kuwa mashamba madogo, nayo baadaye ikatiwa katika wilaya ya Bungoma. Kuelekea Kitale mashamba mengine yalinunuliwa na vyama na makampuni ya watu waliochanga fedha zao, kisha yakagawanywa kwa wanachama. Shamba la eka elfu likawa mashamba ya eka kumi na tano. Baba akawagawia wanawe, likawa la eka tano. Wana nao wakawagawia wana wao. Nyumba zikajengwa mgongoni mwa nchi kwanza, maana huko ndiko kwema. Mgongo ulipojaa, watu wakashuka mtelemkoni, na mtelemko ulipojaa wakashuka bondeni.

Ukuta wa bwawa haukusogea hata hatua moja muda huo wote. Kimo chake hakikuongezeka wala maji yake. Watu ndio waliosogea, na kwa kusogea kwao bwawa lililokuwa halina madhara kwa mtu limekuwa jambo jingine kabisa, ingawa kwa macho ni lile lile la zamani. Jambo hilo ndilo ambalo sheria nyingi za mabwawa zimechelewa kulitambua.

Katika Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni kina cha maji ukutani, cha pili ni wingi wa maji yaliyozuiliwa, na cha tatu ni ukubwa wa nchi inayomwaga maji yake bwawani. Bwawa la Daraja A ni lile lisilofika mita 5, lenye maji yasiyofika mita za ujazo 100,000, na nchi yake ya juu haifiki kilomita za mraba 100. Hilo liliitwa la hatari ndogo. La Daraja B ni la kutoka mita 5 mpaka karibu mita 15, na maji yake ni mpaka mita za ujazo milioni moja. Hilo ni la hatari ya kadiri. Lizidilo hapo ni la Daraja C, hatari kubwa. Daraja likipanda, na mfereji wa kupitishia mafuriko hutakiwa uwe mkubwa zaidi. Kwa Daraja A mfereji hupimwa kwa mafuriko yanayotazamiwa kuja mara moja katika miaka 50, kwa B miaka 100, na kwa C miaka 500.

Yafaa maneno hayo ya miaka yaelezwe, kwa kuwa huwadanganya wengi. Mtu husikia "mara moja katika miaka 50" akadhani ya kuwa mafuriko hayo yatangoja hata miaka 50 itimie. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 katika 100 za kuja mafuriko yanayouzidi mfereji huo. Mwaka mmoja si nyingi. Lakini nafasi hizo zikijumlishwa kwa hesabu ya wataalamu, katika miaka 50 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni karibu 64 katika 100. Na bwawa lililochimbwa na mlowezi mwaka 1950 limekwisha kupita miaka 70.

Sasa na itwaliwe mfano wa bwawa la mtu mmoja, lenye kina cha mita 4 na maji mita za ujazo 40,000. Kwa vipimo vile ni Daraja A, hatari ndogo. Lakini maji hayo ni madebe milioni mbili. Uzito wake ni tani 40,000, yaani shehena ya malori 4,000 ya tani kumi kumi. Ukuta wa udongo ukikatika, maji ya bwawa dogo hayamwagiki kwa siku nzima kama tangi lililotoboka. Huondoka yote pengine chini ya saa moja, yakichukua matope, mawe na miti. Mtu mzima aliyesimama katika maji yaendayo kasi, yakimfika magotini tu, aweza kuangushwa. Mtoto huangushwa mapema zaidi.

Vipimo vile vitatu ni vizuri, na mhandisi hawezi kufanya kazi bila navyo. Lakini vyote vitatu hutazama juu, kwenye maji. Hakuna hata kimoja kitazamacho chini, kwa watu. Bwawa la mita 4 juu ya malisho matupu na bwawa la mita 4 juu ya shule ya watoto mia tatu yapata daraja moja.

Nchi nyingine zilijifunza jambo hili kwa msiba. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, huko Toccoa katika jimbo la Georgia, Marekani, bwawa dogo la udongo lililokuwa mali ya chuo cha Biblia lilikatika kama saa saba na nusu, baada ya mvua kubwa. Wanachuo na jamaa zao walikuwa wamelala bondeni chini yake. Watu 39 walikufa. Rais Carter aliamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu, yale ambayo kukatika kwake kungeua watu, yakaguliwe kote nchini. Katika nchi hiyo daraja la hatari hutolewa kwa kuuliza swali moja: bwawa hili likivunjika leo, kutakuwa nini huko chini? Kama yamkini mtu atakufa, daraja ni la juu, hata kama ukuta ni mfupi na mpya na imara. Afrika Kusini huyaweka mambo yote mawili pamoja, kimo cha ukuta kwa upande mmoja na madhara ya chini kwa upande wa pili; ikidhaniwa kwamba watu zaidi ya kumi waweza kufa, bwawa huhesabiwa kuwa la hatari kubwa.

Hapo wenye mabwawa wengi hukasirika. Mtu huambiwa bwawa lake ni la hatari kubwa naye hujibu ya kuwa ametukanwa, maana ukuta wake ni mzima. Hakutukanwa. Ukali wa mbwa ni jambo moja, na uzima wa mnyororo wake ni jambo jingine. Daraja la hatari laeleza ukali wa mbwa. Ukaguzi ndio uelezao kama mnyororo u mzima. Mbwa mkali aweza kufungwa vema miaka yote asimwume mtu. Lakini mnyororo wa mbwa huyo hutazamwa kila siku, na ule wa kijibwa hautazamwi.

Mtu apendaye kujua daraja la kweli la bwawa la kijijini hahitaji vyombo vingi. Aondoke ukutani ashuke na kijito, ahesabu. Katika nchi ya Kamukuywa safari hiyo si ndefu wala si ngumu. Kwanza atakutana na bustani za sukuma wiki na za ndizi, zilizolimwa hapo kwa sababu udongo una unyevu. Na penye bustani pana mtu ainamaye na jembe. Kisha ataona zizi, na choo, na nyumba ya kijana aliyeoa karibuni na kupewa na baba yake sehemu iliyobaki. Atapita mahali pa kufulia. Atafika kwenye daraja la magogo wanalopitia watoto wa shule. Na kama ni Agosti wa mwaka wa shufwa, wakati Wabukusu wanapowapeleka vijana tohara, alfajiri atakuta watu wengi mtoni, kijana akipakwa matope kwa desturi ya wazee huku jamaa wakimwimbia. Bonde ambalo ramani ya zamani yalionyesha kuwa tupu lina watu kwa kila saa ya mchana, na nyumba zake zina watu usiku.

Akirudi ukutani, na atazame mnyororo. Ukuta wa udongo una adui wengi, na wa kwanza ni maji yapitayo juu yake. Ukuta wa zege waweza kumwagikiwa na maji ukasimama. Wa udongo hukatwa kama ugali kwa kijiko. Ndiyo sababu kila bwawa la udongo lapasa kuwa na mfereji wa mafuriko pembeni, katika ardhi ngumu isiyofukuliwa, ulio chini kuliko kipeo cha ukuta. Mfereji huo wakati mwingi ni mkavu, na kitu kikavu mwaka mzima huonekana hakina kazi. Mwenye shamba hupanda mahindi ndani yake. Mwingine huufunga kwa mawe na magunia ya mchanga ili apate maji zaidi ya kiangazi. Mwenye samaki huuwekea wavu samaki wasitoroke, nao wavu hukamata majani na mabua hata ukawa ukuta wa pili. Mambo haya si mageni duniani. Bwawa la udongo la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliopenda kuvua. Waliweka vyuma vya kuzuia samaki katika mfereji wa mafuriko, na wakapunguza kimo cha ukuta ili magari ya farasi yapishane juu yake. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yamekwisha kung'olewa na mwenye bwawa wa kabla yao. Tarehe 31 Mei 1889 maji yaliupita ukuta, na katika mji wa Johnstown na jirani zake watu 2,209 wakafa.

Adui wa pili ni maji yapitayo ndani. Kila ukuta wa udongo hupenyeza kidogo, na hilo peke yake si la kutisha. Unyevu wa maji maangavu chini ya ukuta, usioongezeka, ni wa kuangaliwa tu. Lakini maji yatokayo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, hayo hayatoki bure: yanautoa ukuta wenyewe nje, chembe kwa chembe, na huko ndani tundu linapanuka. Mwenye kuona hivyo hana siku nyingi za kufikiri, pengine hana hata saa nyingi. Matundu hayo mara nyingi huanzishwa na viumbe. Fuko huchimba, panya huchimba, kenge hutafuta mahali pa kulala, mchwa hujenga. Hata miti hudhuru. Mkalatusi uliopandwa juu ya ukuta huonekana kuushika kwa mizizi yake, na watu wengi huamini hivyo. Lakini upepo ukiuangusha hung'oa pande zima la ukuta, na ukikatwa mizizi huoza na kuacha mirija ndani ya udongo. Juu ya ukuta yafaa nyasi fupi tu.

Ishara nyingine huonekana kwa macho ya kawaida. Matete au majani mabichi yakiota upande wa chini wa ukuta wakati wa kiangazi, hapo pana maji yapenyayo. Ufa mrefu ukifuata kipeo cha ukuta, upande mmoja unataka kuteleza. Kipeo kikibonyea katikati, ambako ng'ombe na watu wamekanyaga miaka arobaini, basi mafuriko yamekwisha chaguliwa pa kupitia. Kuijaza njia hiyo kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia vema ni kazi ya siku chache kwa watu watano, na kuwatengenezea ng'ombe mahali pengine pa kunywea ni kazi ndogo zaidi. Ni ajabu jinsi kazi ndogo namna hii zinavyoahirishwa.

Lakini mara nyingi sababu ya kuahirisha si uvivu, ni mipaka. Shamba la zamani lilikuwa na mwenyewe mmoja, na bwawa likawa na mwenyewe mmoja. Baada ya kugawanywa, hutokea kwamba maji yamo katika shamba la mtu huyu, nusu ya ukuta imo katika shamba la yule, na mfereji wa mafuriko umepita katika ardhi ya mtu wa tatu, ambaye hanywi maji hayo wala hafugi samaki, naye ana haki ya kulima ardhi yake. Ni nani atakayekata nyasi za ukuta? Ni nani atakayemzuia wa tatu asipande mahindi mferejini? Mtu wa nne, akaaye chini, hana hata sehemu moja ya bwawa, lakini ndiye mwenye kulipa likivunjika. Kwa sheria ya Kenya maji ni ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka anayejenga bwawa apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vyama vya watumiaji maji vimewekwa kwa ajili ya kuwakutanisha watu wa mto mmoja. Chama cha namna hii, kikimpa mtu wa nne kiti, chaweza kumaliza kwa mkutano mmoja jambo ambalo majirani wamelinunia miaka mingi.

Wakenya hawana haja ya kwenda Georgia kutafuta mfano. Jumatano tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi za masika, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilivunja kingo zake huko Solai katika kaunti ya Nakuru. Ilikuwa kama saa mbili usiku, watu wamekaa kula au wamekwisha lala. Maji yalishuka na tope na mawe yakapita katika vijiji vya chini, kikiwamo kile kiitwacho Nyakinyua. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na mamia waliachwa bila nyumba. Seneti iliunda kamati ya kuchunguza, na kesi ikafunguliwa. Mambo ya mahakamani ni marefu, na si ya kuelezwa hapa. La kutazamwa ni kwamba bwawa lile lilikuwako siku nyingi, nacho kijiji kilikuwako chini yake siku nyingi, na vitu hivyo viwili havikupata kuandikwa katika ukurasa mmoja kwa namna ambayo ingewaamsha watu jioni ile.

Solai ilikuwa usiku. Toccoa ilikuwa usiku. Katika nchi za chini ya Elgon mvua kubwa mara nyingi hunyesha alasiri na jioni, na maji ya mlimani hufika mabondeni watu wakiwa ndani. Kwa hiyo bwawa lenye watu chini yake lahitaji mtu wa kulitazama usiku wa mvua, mwenye tochi, na simu iliyojaa moto, na karatasi yenye nambari za nyumba zote za bondeni. Kijiti kilichotiwa alama za rangi, kikasimamishwa majini karibu na mfereji, humwambia maji yamepanda kiasi gani tangu saa ya mwisho. Watu wa chini nao wapaswa kujua mbele ya usiku huo watakimbilia wapi: si kufuata kijito kwenda chini, kama mtu aliyeshtuka afanyavyo, bali kupanda ubavuni kwenda mgongoni. Mgongo wa nchi katika Kamukuywa hauko mbali. Kwa nyumba nyingi ni mwendo wa dakika tano, mradi dakika tano zipatikane.

Mabwawa yenyewe hayafai kuchukiwa. Kiangazi cha Januari kikikaza, bwawa dogo ndilo linalowaokoa ng'ombe na miche ya bustani. Tangu mwaka 2009, serikali ilipohimiza ufugaji wa samaki na kusaidia kuchimba viziwa katika sehemu nyingi za nchi, watu wengi wamezoea kula samaki wasiotoka ziwani. Wala haifai kuwaambia wakaao bondeni wahame, maana hawakushuka huko kwa kupenda maji. Walishuka kwa kukosa mahali. Kupanua mfereji wa mafuriko ni rahisi kuliko kuhamisha kaya kumi, na kuteremsha maji ya bwawa nusu mita kabla ya mvua za Aprili ni rahisi kuliko vyote viwili, kama bomba la kutolea maji lafanya kazi. Mabwawa mengi ya zamani yana bomba hilo, lakini limeziba kwa tope, na mwenye shamba wa sasa huenda hajui lilipo.

Mtu aliyekuwa akishuka na kijito, akihesabu nyumba, mwisho hutokea kwenye njia kuu. Hapo barabara hupita juu ya tuta refu la udongo, na kijito hupita chini yake ndani ya mabomba ya zege. Watu hawaliiti tuta hilo bwawa, wala halimo katika daraja lolote. Lakini tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, maji yaliteremka kwa nguvu juu ya Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 45. Habari za kwanza zilisema ya kuwa bwawa la Old Kijabe limevunjika. Baadaye wakuu wa maji walieleza kwamba halikuwa bwawa: lilikuwa tuta la reli, na njia ya maji iliyo chini yake ilikuwa imezibwa na magogo na takataka, hata maji yakajikusanya nyuma yake pasipo mtu kujua, mpaka tuta likashindwa.

Msafiri aliyesikia habari hiyo hutazama chini kabla ya kupanda matatu ya Kitale. Midomo ya mabomba, baada ya mavuno, huwa imejaa mabua ya mahindi, chupa za plastiki na makapi ya miwa yaliyoanguka malorini. Kijana mmoja mwenye reke aweza kuisafisha kwa nusu saa. Juu, magari hupita. Chini, upande wa mlimani, maji husimama kidogo, yakizunguka yakitafuta pa kupenya, kisha hutokea upande wa pili yakaendelea kuelekea Nzoia.